Msaada: raba za milango ya Raum zinalia, nahitaji zinyamaze kabla ya Jumamosi

Mkazi wa Goba (Jumatatu, saa 3 usiku)

Ndugu wana jukwaa, habari za usiku. Ninamiliki Toyota Raum ya mwaka 2005, ambayo nimeitumia kwa miaka minne bila usumbufu wa kutaja. Kwa muda wa miezi miwili sasa, kila ninapovuka tuta, au ninapoiacha lami na kuingia njia ya vumbi kuelekea nyumbani, milango ya upande wa kushoto hutoa mlio unaofanana na ndala mpya zikitembea juu ya vigae. Nikiwa peke yangu ninaufunika kwa redio, lakini akiwepo abiria hugeuza shingo na kuuliza kuna nini.

Nimeshapulizia ile dawa ya kulegeza kutu kwenye raba zote. Mlio ulinyamaza kwa siku mbili, kisha ukarudi ukiwa na hasira zaidi. Jirani amenishauri nipake oili chafu kwa brashi, nami nimeshaipata lita moja, ila nimesita. Swali langu ni moja tu: nipake nini ili zinyamaze, angalau hadi Jumamosi? Ninaomba tujikite kwenye swali.

Bwana Spana

Mkuu, hiyo oili chafu irudishe ulikoitoa leo usiku. Raba za milango za magari mengi ya leo hutengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, ambao huvumilia jua, joto na mvua kwa miaka mingi, lakini hauelewani kabisa na mafuta yatokanayo na petroli. Ukiupaka oili, dizeli, mafuta ya taa au mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, huanza kuvimba na kulainika, na baada ya muda huwa kama ubani uliotafunwa. Dawa uliyopulizia nayo ina mafuta ya jamii hiyo hiyo, kwa hiyo usiirudie.

Mlio wenyewe husababishwa na raba kushika rangi ya mlango kwa sekunde kidogo, kisha kuachia, kisha kushika tena, mara nyingi sana kwa haraka, kama upinde wa fidla unavyofanya juu ya uzi. Vumbi na ukavu huongeza kushika, ndiyo maana magari ya Goba na Madale huimba kuliko ya Masaki.

Kinachofaa ni hiki. Osha raba pamoja na sehemu ya bodi inayoguswa nayo kwa maji yenye sabuni kidogo, futa, acha zikauke kabisa, kisha chukua grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mahindi kwenye kitambaa safi na uipake nyembamba kiasi kwamba jicho lisiione. Ukitumia ya kupuliza, pulizia kitambaa, usipulizie mlango, kwa sababu silikoni ikitua kwenye bodi, siku utakayopiga rangi upya rangi itajikusanya na kuacha vidoa kama macho ya samaki, na fundi wa rangi atakulaani bila kukujua.

Kabla ya kununua chochote, nijibu jambo moja: mvua ikinyesha au ukitoka kuosha gari, mlio unabaki?

Mama Mapacha wa Kimara

Mimi sijasomea ufundi, lakini Noah yetu ilikuwa inalia hivyo hivyo, nikachukua poda ya watoto na kuipaka kwenye raba zote kwa sponji ya kuogea. Kelele iliisha papo hapo. Tatizo lilikuja Ijumaa, baba watoto alipopanda akiwa na kanzu nyeusi aliyoletewa zawadi kutoka Muscat, akashuka msikitini na mstari mweupe kuanzia begani hadi kiunoni, na mpaka leo hajaamini kwamba haikuwa makusudi. Poda inafanya kazi, ila chagua nguo.

Mzee wa Gerezani

Vijana, mnahangaika na grisi kwa sababu hamjawahi kuufunga mlango wa Peugeot 504. Mlango ule ulikuwa ukisema "dufu", basi, umekwisha, hata mbu hapiti. Nimeendesha 504 kutoka Dar es Salaam hadi Songea wakati sehemu kubwa ya njia ni mashimo, na kilichokuwa kikilia ndani ya gari ni kuku wa abiria. Haya magari yenu ya sasa yametengenezwa kwa bati la kufungia sambusa.

Mkazi wa Goba

Shikamoo Mzee, lakini 504 sina. Bwana Spana, nashukuru sana. Nimekumbuka kwamba wiki iliyopita, ile siku ya mvua, gari lilikuwa kimya kuanzia Mwenge hadi nyumbani, na asubuhi yake lilipokauka likaanza tena.

Bwana Spana

Basi ni raba kweli, au angalau raba imo. Fanya majaribio mawili kesho kabla hujaenda Kariakoo kutoa hela. La kwanza, shusha vioo vya kushoto nusu na uvuke tuta lile lile: mlio ukikoma, lawama ni ya mfereji wa kioo na si ya raba ya mlango. La pili, chukua noti ya elfu mbili, ifungie mlangoni, kisha ivute taratibu. Rudia kuuzunguka mlango mzima, kila baada ya shubiri moja. Inatakiwa ivutike kwa ukinzani ulio sawa kila mahali. Leta matokeo.

Chaka la Tegeta

Mimi nauliza swali dogo tu. Kwa nini Jumamosi?

Mkazi wa Goba

Nina ugeni.

Chaka la Tegeta

Mgeni anayehofiwa na raba za mlango lazima awe mgeni mzito.

Mkazi wa Goba (Jumanne, saa 2 usiku)

Nimefanya yote mawili. Kushusha vioo hakukubadilisha kitu. Kuhusu noti: upande wa kulia inavutika sawasawa kote. Upande wa kushoto, kwenye mlango wa mbele, juu karibu na paa inatoka kama vile mlango haujafungwa, na chini karibu na kizingiti imekwama kiasi kwamba nimeichana pembe. Kwa hiyo nimepoteza pia elfu mbili. Ninaomba jina la grisi nzuri tafadhali, muda unakwenda.

Bwana Spana

Mkuu, hapo sitakutajia jina la grisi. Mlango unaobana chini na kuachia juu umehama mahali pake, au mahali pake pamehama. Bawaba zikichoka, mlango huinama kwa nyuma na ungeuona unagonga kile chuma kinachopokea kitasa. Je, unaunyanyua kidogo unapoufunga? Kama huunyanyui, nitakuuliza jambo ambalo ulipaswa kulisema jana: gari hili limewahi kugongwa upande wa kushoto?

Mkazi wa Goba

Liliguswa kidogo.

Chaka la Tegeta

Na nini?

Mkazi wa Goba

Na kirikuu.

Chaka la Tegeta

Tupu au yenye mzigo?

Mkazi wa Goba (saa 4 usiku)

Yenye matofali. Naona ni afadhali nieleze yote kwa mara moja ili tusiendelee kuhojiana kama kituoni.

Miezi mitatu iliyopita nikiwa Mwanza kikazi, kirikuu iliyobeba matofali ilirudi nyuma kwenye mteremko karibu na nyumbani na kuipiga Raum ikiwa imeegeshwa. Dereva alilipa sehemu, nami nikalipa sehemu, na gari likatengenezwa vizuri katika gereji moja ya Tabata. Ninayo risiti, inayoonyesha mlango wa mbele umebadilishwa, nguzo ya kati imenyooshwa, raba mpya zimewekwa na rangi imepigwa. Anayeliangalia kwa macho hawezi kujua.

Jumamosi anakuja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kulichukua. Tumekubaliana milioni sita na laki mbili, bei ambayo ni ya chini kwa gari hili, nami nimekubali kwa kuwa ni ndugu. Ameshanipa arubuni ya milioni mbili na nimeilipia ada ya mtoto. Siwezi kuirudisha. Gari ni zima, injini ni nzima, na hilo la kugongwa lilishatengenezwa, kwa hiyo sioni sababu ya kumtia hofu kwa jambo lililokwisha. Kilichobaki ni kelele tu, na kelele ndiyo niliyoileta hapa.

Mama Mapacha wa Kimara

Kaka, pole, lakini shemeji? Gari la kumuuzia shemeji utaliona kila sikukuu. Litakuja limeegeshwa nje ya nyumba yako, litalia, na wewe utakuwa umekaa barazani unakunywa chai.

Wakili wa Sebuleni

Naomba nichangie kwa upande wa sheria, ingawa sijaombwa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 17, huuhesabu ufichaji wa makusudi wa jambo ambalo mtu analijua kuwa ni udanganyifu, wakati kukaa kimya peke yake kwa kawaida hakuhesabiwi hivyo. Kwa hiyo ukimuuzia gari linalolia na yeye asikuulize chochote, huenda ukawa na la kujitetea. Ukipaka grisi Ijumaa usiku ili lisilie Jumamosi asubuhi, basi grisi hiyo ndiyo ushahidi, na uzi huu ni kielelezo cha kwanza.

Chaka la Tegeta

Mwambie shemeji kuwa gari lina muziki wa asili usiotumia betri, na uongeze bei.

Mtazamaji wa Mbali (Jumatano, saa 1 asubuhi)

Nimesoma uzi wote, na ninasikitika kuwaambia kwamba mmepotezewa muda. Huyu ndugu hana Raum. Raum ya mwaka 2005 ni ya kizazi cha pili, kile kilichoanza kutengenezwa mwaka 2003, na sifa yake kubwa ni kwamba upande wa kushoto haina nguzo ya katikati iliyosimama kwenye bodi. Ukifungua mlango wa mbele na kuusukuma nyuma ule wa kuteleza, unabaki na uwazi mmoja mkubwa ambao unaweza kupitisha kochi. Nguzo imejengwa ndani ya milango yenyewe. Sasa nauliza, fundi wa Tabata alinyoosha nguzo ipi? Mtu aliyekaa na gari hili miaka minne hawezi kuandika hivyo. Kuna watu humu hutunga visa kila mwezi ili wahesabu majibu, na mwezi uliopita tulimchangia mawazo mtu wa friji lililokuwa likiongea usiku.

Mama Mapacha wa Kimara

Friji lile nililiamini. Na hili la shemeji na ada pia liliniingia. Kama ni hadithi, mwandishi arudi atuombe radhi.

Mzee wa Gerezani

Mimi nilishtuka aliposema kirikuu ilibeba matofali na bado ikaweza kurudi nyuma yenyewe. Kirikuu yenye matofali kwa kawaida huwa imezimika.

Mkazi wa Goba (Jumatano, saa 3 asubuhi)

Nimechelewa kazini kwa ajili yenu. Nimetoka nje nikafungua milango yote miwili ya kushoto na kusimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kukiri. Hakuna nguzo. Nimeuona uwazi ule kwa miaka minne, nimepitishia humo godoro na tangi la maji, na bado niliisoma risiti yenye maneno "kunyoosha nguzo ya kati kushoto, 350,000" nikiwa Mwanza, kwenye simu, na nikatuma hela. Ukweli ni kwamba nilisoma jumla tu. Nimeambatisha picha ya uwazi na picha ya risiti, jina la gereji nimelifunika. Mtazamaji, gari ninalo. Akili ndiyo sikuwa nayo siku ile.

Mtazamaji wa Mbali

Picha nimeziona. Ninaliondoa neno la kutunga. Kuhusu la akili siongezi.

Bwana Spana

Sasa ndipo mambo yanapoeleweka. Kwenye upande usio na nguzo, milango ndiyo inayobeba kazi yake, ikishikwa juu kwenye paa na chini kwenye kizingiti. Kirikuu yenye matofali haikugonga nguzo isiyokuwepo. Iligonga mlango na huenda ikasukuma kizingiti ndani kidogo, na hicho ndicho ambacho risiti yako haikitaji popote. Kizingiti kikiingia hata milimita chache, raba ya chini hubanwa kupita kiasi na ya juu hubaki inaelea, na kila tuta linapoupinda mwili wa gari, raba iliyobanwa husuguana na bodi. Noti yako ilishakuambia hivyo.

Angalia kitu kimoja zaidi. Raba ya kiwandani huwa na kona zilizofinyangwa na vitundu vidogo vya kupumulia, na unene wake hubadilika mahali na mahali. Ile ya kupimwa kwa mita dukani huwa na unene mmoja mwanzo hadi mwisho na lazima iungwe sehemu fulani.

Mkazi wa Goba

Nimepiga magoti na tochi ya simu. Chini ya mlango wa mbele, karibu na kizingiti, kuna kiungo. Ncha mbili za raba hazikutani vizuri, katikati kuna gundi ya njano iliyoganda kama utomvu wa mwembe, na vumbi limejaa humo. Mahali nilipopulizia dawa pamelainika na panaacha weusi kwenye kidole. Kitundu hata kimoja sijakiona.

Bwana Spana

Hiyo ni ya mita, na huenda ni nene kuliko nafasi yake. Tafuta raba ya Raum iliyotumika lakini isiyolala, kwa wanaouza vipuri vya magari yaliyokatwa, na uchague kwa kuibonyeza: ikirudi haraka ichukue, ikibaki na alama ya kidole iache. Lakini usiifunge kabla bodi haijapimwa. Kwa kawaida fundi hupima mshazari wa uwazi wa mlango upande uliogongwa na kuulinganisha na upande mzima. Kwako hilo haliwezekani, kwa kuwa upande wa kulia una nguzo na wa kushoto hauna. Tafuta Raum nyingine ya kizazi hicho hicho, zimejaa mjini, mwombe mwenyewe dakika tano na futi ya kupimia.

Na nisemee jambo la shemeji mara moja tu. Watoto wake watakaa nyuma ya mlango ule.

Wakili wa Sebuleni

Naongezea kwamba picha za risiti sasa ni kielelezo cha pili.

Mkazi wa Goba (Alhamisi)

Nimepima na Raum ya jirani wa Kinzudi. Mshazari mmoja wa uwazi wa kushoto umepungua milimita 9 kwenye gari langu. Nimerudia mara tatu, na mara ya tatu jirani ndiye aliyeshika futi. Grisi sijanunua. Bado sijajua nitasema nini.

Chaka la Tegeta

Anza na "shemeji, karibu chai".

Mkazi wa Goba (Jumapili, saa 2 usiku)

Ninarudi kwa sababu mlinisaidia, na kwa sababu Mtazamaji asingenisamehe nisiporudi.

Shemeji alikuja Jumamosi saa 3 asubuhi. Kabla hajakaa nilimwambia twende nje, nikafungua mlango, nikamwonyesha kiungo cha raba na kuanza hotuba niliyoiandaa usiku kucha kuhusu kirikuu. Alinisikiliza hadi nilipofika kwenye matofali, kisha akaniuliza, "Kwani dada hakukuambia?" Siku ile nikiwa Mwanza, mke wangu alimpigia yeye. Yeye ndiye aliyekuja na gari la kuvuta, yeye ndiye aliyelisindikiza hadi Tabata, na yeye ndiye aliyebishana na dereva wa kirikuu mpaka akatoa hela. Mimi nilijua gari lilipelekwa na mke wangu, na sikuwahi kuuliza alikuwa na nani.

Ndiyo maana bei yake ilikuwa milioni sita na laki mbili. Miezi yote hii nilidhani ananibana kwa kuwa ni shemeji.

Hata hivyo, lile la nguzo hakulijua, na risiti alipoisoma alicheka mpaka akaegemea mlango, nao ukalia. Tumekubaliana kizingiti kivutwe kwanza na fundi mwenye vifaa vya kupimia, gharama tugawane nusu kwa nusu, raba ziwekwe baadaye, ndipo amalizie malipo. Kesho tunakwenda wote wawili Tabata kuuliza habari za ile 350,000.

Mama Mapacha wa Kimara

Ninyi wanaume mnaficha mambo ambayo nyumba nzima inayajua. Na ile oili chafu?

Mkazi wa Goba

Nimepaka kwenye nguzo za banda la kuku, kwa ajili ya mchwa. Hizo angalau zipo.

Mtazamaji wa Mbali

Ninaomba picha ya banda.

Mzee wa Gerezani

Bwana Spana, samahani, mke wangu anauliza kama hiyo grisi ya silikoni inafaa kwa raba ya mlango wa friji, maana letu linanata, na ukilivuta kwa nguvu linakuja lote.

Bwana Spana

Shikamoo Mzee. Inafaa, ila ioshe kwanza kwa maji ya sabuni, maana mara nyingi kinachonata ni soda iliyomwagika. Na ununue ile iliyoandikwa kuwa inaruhusiwa karibu na chakula.